Je, wajua kwa nini kidokezo cha kificho hudanganya na bado husema kweli?

Soma kidokezo hiki cha chemshabongo ya kujaza visanduku: "Mfalme wa mwituni amejificha si mbali (5)." Ukikichukua kama sentensi ya kawaida, utageuka kutazama nyuma yako. Sasa sahau habari inayosimuliwa, yatazame maneno yenyewe. Unganisha "si" na "mbali", kisha soma herufi tano za mwanzo: S-I-M-B-A. Mfalme kajificha ndani ya "si mbali", kama kidokezo kilivyosema, na ile 5 kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu.

Hicho ndicho kidokezo cha kificho. Chemshabongo ya kujaza visanduku vya kulala na vya kusimama haikuanza hivyo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, vidokezo vyake vilieleza tu maana ya jibu. Waingereza ndio walioupindua mchezo. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza mwaka 1926 kulitungia gazeti la The Observer mafumbo ambayo vidokezo vyake vilikuwa vya kificho mwanzo hadi mwisho.

Wengi hukimbia vidokezo hivi wakidhani ni vigumu kupita kiasi na kwamba jibu ni la kubahatisha. Mimi naona ni kinyume kabisa. Chukua kidokezo cha kawaida: "Mnyama (5)." Ni simba, mbuzi, nyati, twiga au punda? Wote wana herufi tano, na huna njia ya kuchagua mpaka upate herufi kutoka kwenye majibu yanayokatiza. Kidokezo cha kificho hukupa njia mbili za kufikia jibu lilelile. Sehemu moja ni maana, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe si katikati. Sehemu iliyobaki ni maelekezo ya namna ya kulijenga neno herufi kwa herufi. Njia hizo mbili zikikutana kwenye neno moja, unajua umepata, hata kama visanduku vyote vinavyokatiza bado vitupu.

Basi uongo uko wapi? Uko kwenye sura ya nje ya sentensi. Mtunzi hupanga maneno yasomeke kama habari fulani, ili akili yako ifuate habari hiyo na kuyasahau maneno. Alistair Ferguson Ritchie, aliyetunga kwa jina la Afrit, aliliweka sharti hili vizuri mwaka 1949: mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, ila ni lazima aseme anachokimaanisha. Naliona sharti hili kuwa moyo wa mchezo wote. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Mtunzi mwadilifu humtaka huyo mwerevu, na humwachia kila kitu anachohitaji ili aligangue.

Hebu tukichambue kimoja kwa utulivu: "Noti ndani ya sari kwa ajili ya mwendo mrefu (6)." Picha inayokujia ni ya mwanamke aliyeficha pesa kwenye vazi lake kabla ya kuondoka. Picha hiyo ndiyo mtego. Anza na ncha za kidokezo. Maana yaweza kuwa "noti" au "mwendo mrefu". Tuseme ni "mwendo mrefu". Yanabaki maneno "noti ndani ya sari". Maneno "ndani ya" ni amri: weka kitu kimoja tumboni mwa kingine. Sari ina herufi nne, jibu lina sita, kwa hiyo noti ni ya herufi mbili. Hapa pesa inakwama, maana hakuna pesa inayoandikwa kwa herufi mbili ikakaa sawa hapo. Lakini noti za muziki zipo: do, re, mi, fa. Ingiza FA katikati ya SARI: SA-FA-RI. Safari, mwendo mrefu. Maneno "kwa ajili ya" ni kiungo tu, yanasema kwamba ujenzi ule umefanywa ili kupata maana hii. Hakuna neno lililobaki bila kazi, na neno "noti" halikusema uongo hata mara moja. Wewe ndiye uliyechagua kuifikiria pesa.

Mbinu nyingine hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. "Habari zikichafuka, merikebu huyumba humo (6)": neno "zikichafuka" linakuamuru uvuruge herufi za HABARI, na zikipangwa upya zinatoa BAHARI. Kidokezo hiki nakipenda kwa sababu bahari yenyewe husemwa kuwa imechafuka, hivyo hata mtego unanukia jibu. "Inama kinyumenyume upate utulivu (5)": soma INAMA kutoka nyuma uone AMANI. "Asia kisha Afrika, kwa mfano, njia ya magari (8)": kila moja ni bara, na bara likifuatwa na bara ni BARABARA. "Ruka angani, swala mdogo! (3)" hakina ujenzi wowote, ni maana mbili zilizowekwa bega kwa bega, kupaa na mnyama aitwaye PAA. Alama za uandishi, kama ile ya mshangao, zipuuze, kwani mara nyingi huwekwa ili kukupoteza.

Tukirudi kwenye kusoma kinyumenyume: Torquemada alichukua jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyotesa watu. Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake The Observer ilichukuliwa na Derrick Somerset Macnutt, aliyejiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyo. Mwaka 1972 akafuata Jonathan Crowther kwa jina la Azed. Lipindue: Deza, mkuu mwingine tena.

Je, Kiswahili kinaufaa mchezo huu? Kinaufaa, ila kina tabia zake. Waingereza wana kundi zima la vidokezo vya kusikiliza, kwa kuwa maneno yao mengi hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Sisi huandika tunavyotamka, kwa hiyo mbinu hiyo karibu haina kazi kwetu. Fidia yetu ni maneno ya umbo moja na maana nyingi: kaa, panda, ua, taa. Ugumu mkubwa wa mtunzi ni ngeli. Ile "zi" ya "zikichafuka" inafichua mara moja kwamba habari ndizo zinazovurugwa, na anayefumbua akiona kiambishi cha namna hiyo aulize kimeshikamana na neno gani. Ndiyo maana maneno kama "ndani", "nyuma", "kisha" na "kinyumenyume" ni hazina kwa mtunzi: hayabadiliki kwa ngeli, hivyo hayamsaliti. Naye anayefumbua ana faida yake, kwani maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na kisanduku cha mwisho kina machaguo matano tu.