Indiketa ya lori si ruhusa ya kupita

Kila ninapopokea kundi jipya la madereva kwa mafunzo ya udereva wa kujihami, huwauliza kwanza gari lao linahitaji mita ngapi ili lisimame. Wengi wana leseni za miaka kumi na zaidi, na karibu wote hunijibu kwa kusifia breki zao. Siwalaumu, kwa sababu niliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka kumi na minne kabla ya kuwa mkufunzi, na wakati huo nami ningejibu vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba kabla breki hazijafanya kazi yoyote, macho yanapaswa kuona hatari, akili iitambue, kisha mguu uhame kutoka kwenye mafuta. Kwa dereva aliye makini, shughuli hiyo huchukua takribani sekunde moja na nusu. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hukimbia mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 33 huwa zimekwisha kabla pedali haijaguswa, na hata kwenye lami kavu yenye tairi nzuri gari dogo litataka mita nyingine kama 35 ndipo lisimame. Ukiongeza mwendo hadi kilomita 100, jumla hiyo ya mita 70 hivi hukaribia mita 100. Umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini sehemu ya breki peke yake imerefuka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa umbali huo hukua kwa mraba wa mwendo.

Kujihami, basi, ni kuendesha ukijua kwamba mwenzako anaweza kukosea wakati wowote, na kujiwekea mapema nafasi itakayolimeza kosa lake. Si woga, na wala si kujikokota. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa katikati ya barabara kuu iliyo wazi huwachokoza walio nyuma yake watoke kumpita mahali pasipofaa.

Nafasi hiyo hupimwa kwa sekunde, kwani ni wachache wanaoweza kukadiria mita kwa macho. Chagua kitu kilichosimama, kama kibao au nguzo ya umeme, na gari la mbele likishakipita anza kutamka «elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu». Ukifika kwenye kitu hicho kabla hujamaliza, umelisogelea mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi sita, na mwenye lori lenye mzigo aongeze hata kukiwa kukavu. Hapo daima hunyanyuka mkono darasani: «Mwalimu, nikiacha nafasi hiyo si daladala zitaingia?» Zitaingia, ndiyo. Ikiingia moja, legeza mafuta na uanze kuhesabu upya. Zikikuingilia kumi kati ya Kibaha na Chalinze, utakuwa umepoteza nusu dakika.

Kuovateki ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiko dereva anakohama upande wake kwa hiari na kuingia katika njia ya mwingine. Chukua lori lenye tela, urefu wake mita 18, linakwenda kilomita 60 kwa saa, nawe unalipita kwa 80. Ukianza mita 30 nyuma yake na kurudi kushoto mita 30 mbele yake, utakuwa upande wa kulia kwa muda wa sekunde 15 hivi, na katika sekunde hizo utakwenda zaidi ya mita 330. Gari linalokuja nalo, kama liko kwenye 80, litakuwa limekwenda umbali huohuo. Maana yake ni kwamba kabla hujatoka unahitaji kuona takribani mita 670 za barabara tupu, na usipoziona kwa macho yako mwenyewe, hujaruhusiwa na yeyote.

Nasema «na yeyote» kwa sababu madereva wa masafa marefu wana lugha yao ya taa. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia wakati halikati kona, linakuambia usitoke. Likiwasha ya kushoto, linakuambia pita. Ni lugha ya kiungwana na imeokoa watu wengi, ila indiketa hizohizo bado zina maana yake ya kisheria, na hapo ndipo penye mtego. Nikiwa bado mgeni kazini, nikirudi kutoka Iringa na lori dogo la tani tatu, nilifika karibu na Ruaha Mbuyuni nikiwa nyuma ya lori lenye tela. Likawasha kushoto, nami nikatoka mara moja. Kumbe dereva wake alikuwa akielekea pembeni kwa wauza vitunguu na hakuwa akiniambia lolote, na mbele kulikuwa na basi linakuja likiwa limewasha taa kubwa. Nilirudi nyuma ya tela kwa breki iliyonukisha mpira hadi ndani ya kebini, chupa ya chai ikaruka kutoka kitini na kupasukia kwenye dashibodi, na utingo wangu hakutamka neno hadi tulipofika Mikumi. Tangu siku ile, indiketa ya mwenzangu naichukua kama habari, na uamuzi nauacha kwa macho yangu.

Hali ni hiyohiyo kwa matawi mabichi yanayotandazwa barabarani kuashiria gari lililoharibika. Mchana hutosha kukufanya ukanyage breki mapema. Usiku hayaakisi mwanga kama zile pembetatu zinazotakiwa, na mara nyingi huwekwa hatua chache tu kutoka kwenye tela lenyewe. Hata lori likishaondoka, usiongeze mwendo upesi, kwa sababu mawe yaliyokuwa yamezuia matairi huachwa palepale.

Kuhusu Mlima Kitonga sina maneno mengi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na uiweke kabla mteremko haujaanza, kwa kuwa breki zikishapata moto hukataa kushika. Wapo wanaoshuka na fri, yaani gari likiwa nje ya gia, kwa kudai wanaokoa mafuta. Katika injini nyingi za kisasa, gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, mfumo huyakata mafuta; kwenye fri ndiko injini inakoendelea kunywa ili isizime. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi nako, swala mmoja akivuka subiri kwanza, wenzake wako nyuma yake kwenye majani.

Jambo la mwisho ni taa moja usiku. Wengi wakiiona kwa mbali husema ni bodaboda, wakaendelea kukaa karibu na mstari wa katikati. Huenda ni lori ambalo balbu yake imeungua, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, iliyoungua ikiwa ya kulia kwake basi mwanga unaouona umetoka ukingoni mwa barabara, na upana wote wa lori uko gizani upande wako. Punguza mwendo, shika kushoto, na usitazame mwanga wenyewe; tazama mstari wa pembeni hadi kitu hicho kikupite.