Je, wajua kwa nini skii nyingine zina reli chini ya buti?

Juzi nilikua soko la Owino, Kampala, na mtoto wa shangazi yangu, tunatafuta jaketi zito manake kijana amepata shule Austria, na kwenye kibanda kimoja cha mivumba (mitumba) tukakuta jamaa ametundika mikanda yake yote kwenye skii mbili alizoegemeza ukutani. Skii kabisa, zile mbao ndefu za kuteremkia theluji. Zilikuja na mzigo wa mabegi, hakujua ni za nini, akaona zinafaa kwa mikanda. Chini yake kuna jozi ya buti ngumu za plastiki. Akatuuliza, "Boss, hizi si za boda wakati wa mvua?"

Tukanunua vyote kwa bei ya jaketi moja, jaketi lenyewe tukasahau.

Sasa swali likaja tulipofika Katwe kwa fundi wangu wa mageti. Kijana alikua ameshaangalia video nyingi, akasema kaka, mbona hizi hazifanani na zile za kwenye simu? Kwenye video kile kishikio cha buti, wenye mchezo wanakiita baindingi, kimepigwa skrubu moja kwa moja kwenye skii na kimetulia hapo. Hizi zetu zina reli ndefu mbele na nyuma, pembeni ya reli kuna namba ndogo ndogo kama za rula, na kuna leva ukiinyanyua kwa bisibisi kishikio chote kinateleza kwenda mbele au kurudi nyuma.

Jibu ni biashara tu. Baindingi ya kawaida inafungwa kwa buti ya mtu mmoja. Fundi wa dukani anapima, anatoboa matundu, anakaza, basi, ukija na buti ndefu zaidi kipande cha nyuma kinasogea kidogo tu, ikizidi hapo inabidi utoboe matundu mapya, na skii sio ubao wa kitanda, huwezi kuitoboa toboa kila msimu. Lakini duka la kukodisha asubuhi linapokea mama mwenye mguu mdogo, mchana linapokea jitu la miraba minne, na skii ni ile ile. Ndio maana wakawekewa reli. Hizo ndizo baindingi za demo, manake zinatumika pia kwa skii za kujaribisha wateja kabla hawajanunua. Duka likimaliza nazo linaziuza kwa bei ya kutupa, ndivyo zinavyozunguka dunia mpaka zinabeba mikanda Owino.

Za kwetu zilikua na ushahidi mwingine, kibandiko chenye baa kodi karibu na mkia, namba imeandikwa kwa maka, na kingo zimechubuka vibaya. Hiyo ni skii iliyopita miguu mingi. Ila angalizo, reli peke yake haitoshi kusema ni demo, kuna skii zinazotoka kiwandani na reli zake hata kama ni za mtu binafsi. Angalia kama mbele NA nyuma vyote vinasogea na vyote vina kipimo cha namba, hapo umepata. Na uzito pia, za demo ni nzito na zinakunyanyua juu kidogo.

Kurekebisha ndiko kunakodanganya watu, manake ni rahisi mno.

Kwanza unatafuta urefu wa soli ya buti. Sio saizi ya mguu! Kijana alisoma 26.5 akataka kuanza nayo, hiyo ni sentimita za mguu wenyewe. Unayoitaka imechongwa kwenye plastiki pembeni ya kisigino, yetu ilikua imejaa vumbi, fundi akafuta kwa kidole gumba chenye grisi ikatokea 306 mm. Basi unasogeza kipande cha mbele mpaka alama ikae kwenye 306, cha nyuma nacho 306, unashusha leva mpaka jino lishike. Kwa nini vyote viwili? Ukisogeza cha nyuma tu buti itaingia vizuri, lakini katikati ya mguu inahama kutoka kwenye alama ya katikati iliyochorwa kwenye skii, na skii imeundwa ipinde mtu akiwa amesimama hapo. Kuna aina zenye leva moja inayosogeza vyote kwa pamoja, hizo zimekupunguzia kazi.

Tukaingiza buti, ncha kwanza, kisha kisigino, tukakandamiza. Tak! Fundi akafurahi kama amefunga kitasa cha geti, akasema imekwisha hiyo.

Haijakwisha. Kipande cha nyuma kimekalia springi inayosukuma buti mbele wakati wote, na huo msukumo una kazi, manake skii inapopita kwenye tuta inapinda, ikipinda nafasi kati ya mbele na nyuma inabadilika, springi ndio inafidia. Ikilegea buti inachomoka yenyewe katikati ya mteremko, ikibana mno haitoki hata mguu ukivunjika. Kwa hiyo buti ikiwa ndani unaangalia kialama cha msukumo huko nyuma, kwa wengine ni kichwa cha skrubu kinachotakiwa kulingana sawa na plastiki, kwa wengine ni kibati kinachotakiwa kukaa kati ya mistari miwili. Soli ikiwa imelika, namba za reli zinaweza kusema sawa na kialama kikasema hapana. Amini kialama.

Alafu kuna vidirisha vidogo, kimoja mbele kimoja nyuma kwa kila skii, jumla vinne, vyenye namba ya DIN, yaani kipimo cha nguvu inayohitajika kishikio kiachie buti. Hapa ndipo nilipoelewa hiki kitu kimsingi hakikuundwa kushika, kimeundwa kuachia. Kipande cha mbele kinafunguka kwa pembeni mguu ukijipinda, kipande cha nyuma kinafunguka kwenda juu ukianguka kifudifudi. Zamani havikua hivyo, mguu ulikua unafungwa na hamna kutoka, mpaka Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alipovunjika mguu Mount Hood mwaka 1937 na akiwa hospitali akaanza kuwaza kishikio kinachoachia.

Vidirisha vyetu vyote vilisoma 9. Eh banange! Hiyo ni ya mtu mzito anayeshuka kwa fujo, sio kijana mwembamba ambaye theluji yake yote ameiona kwenye picha za Rwenzori. Namba inatoka kwenye jedwali linaloangalia uzito, kimo, umri, unavyoteleza (mwoga, wa kati, au kichaa) na tena ule urefu wa soli. Soli ikiwa ndefu namba inashuka, na fundi alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi, akaniinulia spana mbili, fupi na ndefu. Ukishika mbali unahitaji nguvu kidogo kuzungusha nati ile ile. Nati hapo ni mfupa wako.

Kushusha namba ni kuzungusha skrubu tu, yeyote anaeza. Ila namba ya kwenye kidirisha sio lazima iwe ukweli, springi inazeeka, plastiki inachoka kwa jua, ndio maana maduka ya huko wana mashine inayosukuma buti na kupima inaachia kwa nguvu kiasi gani. Na kila mwaka watengenezaji wanatoa orodha ya baindingi ambazo bado wanazisimamia, yako ikiwa imetolewa kwenye orodha fundi wa duka hata haigusi, utambembeleza bure.

Ya kulia ilikaa vizuri. Ya kushoto tukasogeza mpaka 306, leva ikashuka, tak, alafu fundi akaipiga kisigino kwa kiganja, ikarudi nyuma namba mbili. Tukamulika kwa tochi ya simu, meno mawili ya reli yamelika yamebaki kama ya mtoto anayeng'oka. Fundi akasema nipe dakika kumi nichomelee, nikamwambia mzee, hii ni alumini na plastiki, na anayeivaa ni ndugu yangu.

Kijana amesafiri na buti. Atakodi skii huko huko, ataje 306 wenyewe wasogeze. Hizi zetu nilimrudishia yule jamaa wa mikanda, hakunirudishia hela.