Nirudishieni themostati yangu

Juzi nimeitwa kwenye nyumba ya wageni huko Mbezi, jenereta ya kVA 60 inachemsha. Nafungua nyumba ya themostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto: tupu. Nauliza iko wapi, mlinzi ananiletea kopo la rangi lililojaa misumari. "Fundi aliyepita alisema hii ni ya nchi za baridi, mzee."

Injini zilizong'olewa themostati mwaka huu nimeshaacha kuhesabu.

Wanaoing'oa wanadhani themostati inazuia injini kupoa. Haizuii. Maji yakifika nyuzi 82 hivi (namba imegongwa kwenye chuma chake, someni) inaanza kufunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Ila kwenye injini nyingi za dizeli ina kazi ya pili: ikifunguka, sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote. Maji ya moto yanajizungukia ndani ya bloku, rejeta inaambulia yaliyobaki. Na siku mzigo ukiwa mdogo, injini haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, ekzosi inaanza kutema weusi wenye mafuta.

Halafu wapo wanaoniunga mkono kwa hoja mbovu: eti bila themostati maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kupoa. Jamani! Yakikimbia yanakaa kidogo ndani ya rejeta, sawa, lakini yanarudi mara nyingi zaidi. Kasi haijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni njia.

Nami si malaika. Usiku mmoja, harusi imepamba moto, themostati imekwama ikiwa imefunga, niliing'oa na jenereta ikavuta hadi alfajiri. Kuna injini nyingine nilirudisha themostati joto likashuka, ila siku ileile nilikuwa nimeosha rejeta. Kipi kilitibu? Mpaka leo nabishana na nafsi yangu.

Belti ya feni, hozi, mfuniko wa rejeta: kagueni, injini ikiwa imepoa.

Mbezi ugonjwa ulikuwa rejeta. "Tumeiosha," wananiambia, na kweli kwa nje inang'aa. Lakini feni ya jenereta kama ile inasukuma upepo kutoka kwenye injini kwenda nje, kwa hiyo uchafu unagandia upande wa ndani, nyuma ya feni, pasipoonekana. Nikamulika tochi: vumbi limechanganyika na mvuke wa oili, limekuwa zulia. Nikafungua gadi, nikapaka sabuni ya kuondoa grisi, nikapiga maji ya presha ndogo kutoka nje kuja ndani. Yakatoka meusi kama kahawa.

Themostati ya kwenye kopo nikaichemsha jikoni kwao, imening'inia kwa uzi, kipimajoto pembeni. Ilianza kufunguka kwenye 82, nzima kabisa. Nikairudisha na gasketi mpya. Sufuria ilikuwa ya uji, mpishi hajanisamehe.