Je, wajua kwa nini mhuni wa riwaya za mapenzi za kihistoria huongoka kabla ya ndoa?

Riwaya za mapenzi zinazosimulia Uingereza ya karne ya 18 na ya 19 zina mtu wao maarufu: bwana tajiri, mcheza kamari, mkware, ambaye mwishowe anaongoka kwa sababu ya kumpenda mwanamke mmoja. Jambo la kuangalia ni wakati anapoongoka. Katika riwaya zilizosukwa vizuri, toba hutangulia harusi, na sababu iko kwenye sheria za enzi hizo.

Mwanamke wa Kiingereza akishaolewa, fedha zake na ujira wake vilikuwa vya mume. Hadi 1857, talaka kamili, ile inayomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena, ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa, na wanawake waliowahi kuipata kwa njia hiyo ni wanne tu. Mahakama ya talaka ilipoanzishwa, mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi peke yake. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Haki kamili ya mke kumiliki mali yake ilikuja 1882. Aliyeolewa na mhuni akitumaini kumbadilisha ndani ya nyumba alikuwa ameweka rehani maisha yake yote.

Samuel Richardson, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza wa karne ya 18, aliliandika jambo hili kwa pande zake mbili. Katika Pamela (1740), bwana anayemwandama mtumishi wake wa miaka 15, hata kumfungia, analainika baada ya kusoma maandishi yake ya siri, kisha anamuoa. Katika Clarissa (1747–48) akaipinga waziwazi imani kwamba mhuni aliyeongoka ndiye mume bora. Lovelace, mhuni wa riwaya hiyo, anamlewesha Clarissa kwa dawa na kumbaka, halafu anataka ndoa ifute kosa. Clarissa anakataa, na anakufa. Wasomaji walimsihi Richardson awaoanishe, naye hakukubali. Alifanya sawa kabisa: kuna makosa ambayo mapenzi hayawezi kuyalipia, na mwandishi anayempa mbakaji harusi hukivunja kitabu chake mwenyewe.

Sasa, toba inayoaminika hujengwaje? Kwanza imgharimu mhusika. Pili, aifanye mahali ambapo mpenzi wake hamwoni, la sivyo msomaji atahisi ni chambo. Mfano ulio wazi zaidi ni Darcy, bwana tajiri katika Pride and Prejudice (1813), riwaya ya Jane Austen, ingawa dosari yake ni kiburi, si uhuni. Elizabeth, mwanamke anayempenda, anaikataa posa yake na kumweleza kwa nini. Miezi kadhaa baadaye Wickham, afisa wa jeshi mwenye madeni, anamtorosha Lydia, mdogo wake Elizabeth. Darcy anawasaka London, analipa madeni ya Wickham yanayozidi pauni 1,000, anamwekea Lydia pauni 1,000 nyingine, anamnunulia Wickham cheo jeshini, kisha anaomba jambo hilo lifichwe. Elizabeth analijua kwa sababu Lydia ameropoka. Kuropoka huko ndiko kunakoifanya toba iwe na uzito, maana Darcy hakutafuta sifa.

Panapoharibika mara nyingi ni pale mwanamke anapogeuzwa dawa: anatukanwa, anavumilia, analia, na uvumilivu wake ndio unaomponya mwanamume. Hapo anayelipa ni yeye, na mkosaji hajatoa kitu. Jane Eyre (1847), riwaya ya Charlotte Brontë, inaukwepa mtego huu. Rochester, bwana tajiri, anataka kumuoa Jane, mwalimu aliyemwajiri nyumbani kwake, ilhali mke wake yu hai, siri inafichuka kanisani, na Jane anaondoka bila kumpa hata wiki moja ya kujirekebisha. Nyumba inapoungua, Rochester anawatoa watumishi na kupanda hadi paani akijaribu kumwokoa mkewe. Anapoteza mkono mmoja na uwezo wa kuona. Jane yuko mbali, hajui lolote. Anaporudi amesharithi pauni 20,000, amezigawa na binamu zake watatu na kubaki na 5,000, kwa hiyo hana shida ya kulishwa wala ya paa la kulalia chini yake. Anarudi kwa sababu anamtaka.