Tamthilia si riwaya yenye nukta mbili

Nimemaliza kusahihisha rundo jingine la insha za uhakiki wa tamthilia, na pembeni mwa karibu kila ukurasa nimeandika swali lilelile kwa wino mwekundu: "Jukwaani kuna nini sasa hivi?" Nililiandika muhula uliopita, nililiandika mwaka juzi, na walimu wenzangu wa sekondari wananiambia nao hawajapumzika. Leo naliandika kwa kirefu, pamoja na dhana nyingine chache za makosa ninazozisikia kila nikikaa na wanafunzi.

Dhana: Tamthilia ni hadithi kama hadithi nyingine, ila imeandikwa kwa mazungumzo

Hii ndiyo inayozaa makosa mengine yote. Insha yake naijua kabla sijaifungua. Inaanza na jina la mwandishi na mwaka, inasimulia kisa kwa aya tatu, halafu vinapangwa vichwa: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kisha inakuja fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, na matumizi ya lugha yenye tashibiha mbili, methali tatu na takriri moja. Mwisho, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Sasa futa jina la tamthilia, weka la riwaya yoyote yenye dhamira hizohizo. Insha itasimama vilevile! Kama insha yako haijali kwamba kazi hii iliandikwa ichezwe na watu wenye miili mbele ya watu wengine, hujahakiki tamthilia. Umehesabu sufuria za jikoni, pilau hujaionja.

Vichwa vyenyewe sivilaumu. Vinamsaidia mtu asisahau jambo kwenye chumba cha mtihani, na najua miongozo inayouzwa madukani ndiyo iliyowazoesha. Ninachokataa ni kudhani kwamba ukishajaza vichwa, kazi imekwisha.

Mwandishi wa riwaya anaweza kuingia moyoni mwa mhusika na kutuambia anachowaza. Mwandishi wa tamthilia, kwa kawaida, njia hiyo hana. Ana mahali pa kuingilia na pa kutokea, ana maleba, yaani mavazi ya waigizaji, ana vitu vinavyoshikwa na kuwekwa chini, ana ukimya, na ana hadhira inayoweza kujua jambo ambalo mtu aliye jukwaani halijui. Mtazamaji naye hafungui ukurasa wa nyuma, kilichompita kimempita. Ndiyo maana anayeingia ameingizwa kwa sababu, na anayekaa kimya wakati wenzake wanajibizana, ukimya wake nao ni kauli.

Chukua *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Wanafunzi wangu wote wanaandika kwamba dhamira kuu ni ukombozi wa mwanamke na kwamba nguzo ni ishara. Sawa, ni kweli. Lakini ishara ukiisoma kitabuni haina uzito, na nguzo iliyo jukwaani ina uzito. Inachukua nafasi. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha na sisi tunaona mikono, tunaona nani ameshika na nani ameachia. Majina yao yenyewe ni Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane: mwandishi ametufanya tuhesabu. Basi hesabu! Katika sehemu hii wako wangapi? Nani amevutwa pembeni na shida ya nyumbani kwake? Katikati yetu na wao yuko Bi Msimulizi, ambaye amechukua kazi ya fanani wa ngano na kuileta jukwaani. Akisema nasi, wale wengine wanafanya nini? Mwanafunzi anayejibu maswali haya atafika kwenye ukombozi wa mwanamke, na atafika akiwa na ushahidi mkononi. Anayeanza na kichwa cha habari hana cha kunionyesha zaidi ya kichwa chenyewe.

Au *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Kinjeketile, mganga anayewapa watu maji ya dawa ili wapigane na Wajerumani, anavutwa na Hongo, pepo wa majini, anazama mtoni, baadaye anarudi. Insha zinaandika "ametumia imani za jadi" na kupita. Simama kidogo hapo. Chini ya maji sisi hatupelekwi. Mwandishi wa riwaya angeweza kutupeleka. Hussein ametukalisha pamoja na watu waliobaki nje ya maji, na sisi kama wao tumeona mtu akienda na mtu akirudi, basi. Yaliyo kati ni lazima tuyaamini au tuyatilie shaka bila ushahidi wowote, kama wao. Halafu akiwa bado amepagawa anatamka jina la Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na akili zikimrudia maneno yake mwenyewe yanamtisha, kwa sababu anaona huenda watu wakamtoa Mjerumani ili watawaliwe na mwingine. Umati hauioni hofu hiyo, umeshapata moto. Sisi tunaiona. Pengo hilo, kati ya tunachokijua sisi na wanachokijua wao, ndilo linalobeba fikra yote ya tamthilia kuhusu uongozi na imani. Huwezi kulipata kwa kuorodhesha methali.

Wanafunzi huniuliza wafanyeje. Njia yangu ni moja na sijawahi kuibadilisha. Chukua penseli. Kwenye kila onyesho, pembeni, andika majina ya walioko jukwaani. Akiingia mtu ongeza, akitoka mtu kata. Andika pia vitu: barua, panga, kibuyu, kiti. Halafu simama, soma kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, na maelekezo ya jukwaani usiyaruke. Yale maneno ya mlazo kwenye mabano ambayo wengi huyapita kama tangazo la redio ndiyo sauti pekee ya mwandishi isiyopitia kinywani mwa mtu.

Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja ofisini kulalamikia alama. Insha yake ilikuwa juu ya *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, na alikuwa ameandika uzembe kazini, mapenzi, ulevi, nafasi ya mwanamke, vyote. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu: karatasi za sensa ziko wapi? Akaniangalia. Nikamwambia afungue kitabu azifuate hizo karatasi, kila zinapotajwa na kila zinaposhikwa, na kila mahali penye karatasi aandike Mazoea, binti anayependwa na Ngoswe, yuko wapi. Alikaa pale kwenye benchi la nje saa nzima. Aliporudi ukingo wa kitabu ulikuwa umejaa penseli, na akasema, "Mwalimu, kumbe anazisahau mbele yetu." Kazi ya serikali pale ni kitu kinachoshikika. Ngoswe, karani wa sensa, anakuja na karatasi kijijini, macho yake yanahamia kwa Mazoea, na mwisho Mzee Mitomingi, baba wa binti huyo, anazichoma kwa hasira. Uzembe ambao insha yake ya kwanza iliutaja mara tisa, sasa aliweza kuuonyesha ukitokea. Aliandika upya na nikampa alama nilizofurahi kuzitoa.

Dhana: Anachosema mhusika ndicho anachosema mwandishi

Mnaandika "msimamo wa mwandishi" na chini yake mnanukuu mhusika mmoja, mara nyingi yule mnayempenda. Jukwaani maneno yanarushwa kwa mtu, na aliyerushiwa anaweza kuwa na hoja nzito zaidi. Ukinukuu, niambie anaambiwa nani, anayesema anataka kupata nini, na aliyeambiwa amejibu vipi. Msimamo utafute kwenye mgongano wao.

Dhana: Kuona video ni sawa na kusoma tamthilia, na kinyume chake

Hizi ni kazi mbili. Unahakiki andiko? Basi usiniandikie kwamba "waigizaji waliigiza vizuri", waigizaji gani? Unahakiki onyesho? Taja ulilionea wapi na lini, nani aliliongoza, kisha niambie walichofanya: waliweka nini jukwaani, mwanga uligeuka wakati gani, sehemu gani waliikata, watazamaji walicheka mahali ambapo andiko halichekeshi. Muongozaji ni msomaji wa kwanza wa tamthilia, na onyesho lake ni hoja. Mhakiki anayekuwa na vyote viwili ana bahati, mradi asivichanganye.

Dhana: Tafsiri ni tamthilia ileile

Kwa Kiingereza, tamthilia ya Shakespeare inataja katika jina lake mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, ikatoka mwaka 1969, miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya Ujamaa, aliiita *Mabepari wa Venisi*. Wengi, na tena mabepari! Ukiihakiki kazi hiyo bila kusimama kwenye jina umeuacha mlango mkubwa kuliko yote.

Dhana: Bila nadharia si uhakiki

Umaksi na ufeministi ni zana nzuri sana. Ila nimesoma kurasa nne za maelezo ya nadharia, kisha nusu ukurasa wa tamthilia iliyobanwa ili iingie humo. Geuza kiwango hicho. Na ukitaja nadharia aya ya kwanza, nataka kuiona ikifanya kazi aya ya tano.

Dhana: Tamthilia ya kihistoria hupimwa kwa usahihi wake

Nirudi kwa Hussein, kwa sababu hapa wanafunzi wazuri ndio wanaoteleza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwepo. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Vita viliendelea hadi 1907. Katika tamthilia anaishi hadi watu wameshindwa, yuko kifungoni, na anatakiwa akiri kwamba yale maji ya dawa yalikuwa uongo. Mwanafunzi anaandika: "Mwandishi amekosea historia." Hapana! Katika utangulizi wake Hussein mwenyewe anaeleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu. Swali la mhakiki ni kwa nini alihitaji awe hai. Aliyenyongwa mwanzoni mwa vita hawezi kuulizwa chochote baada ya kushindwa. Huyu wa jukwaani anaulizwa, Kitunda, mwenzake aliyewaongoza wapiganaji, yuko pale pamoja naye, wamekwisha pigwa, na anakataa kulikana neno, kwa ajili ya watoto watakaokuja kusikia kwamba baba zao walipigania uongo. Tarehe ikirekebishwa, onyesho hilo linafutika, na mzozo wa mtu aliyelitilia shaka neno lake mwenyewe mapema unabaki bila mahali pa kumalizikia.

Wanafunzi wa muhula ujao, kazi ya kwanza ni ukurasa mmoja juu ya dakika moja ya jukwaani. Tamthilia chagueni wenyewe. Mje na vitabu vyenu, nitaanza kukagua penseli za pembeni kabla sijasoma insha.