Je, wajua kwa nini wizi wa benki katika filamu moja ya mwaka 1915 ulipigwa picha kutoka juu?

Hadithi ya wizi huishi kwa milio: nyayo koridoni, mlango unaolia, kufuli linalogoma. Filamu bubu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mtazamaji angeshikwaje na hofu?

Jibu moja zuri mno lilitolewa na Maurice Tourneur, Mfaransa aliyefika Marekani mwaka 1914. Mwaka uliofuata aliongoza Alias Jimmy Valentine, filamu ya fundi wa kufungua sefu ambaye anatoka gerezani, anabadili jina na kuanza maisha ya halali, tena ndani ya benki. Robert Warwick ndiye aliyemwigiza.

Kwenye tukio la wizi, kamera imepandishwa juu kabisa na kuelekezwa chini. Benki nzima inaonekana kama ramani: vyumba, kuta, njia za kupita, na watu wakisogea humo. Kamera ingekaa usawa wa macho, ingelazimika kurukaruka kutoka chumba hadi chumba, nasi tukibahatisha nani yuko karibu na nani. Kutoka juu hatubahatishi. Tunaona ukuta mmoja tu ndio unaowatenganisha watu wasiojuana kuwa wapo, na moyo unaanza kwenda mbio bila mlio wowote.

Iliwezekanaje? Majengo ya kuigizia ya wakati ule kwa kawaida hayakuwekwa dari, ili mwanga uingie kwa wingi. Dari halikuwepo tangu mwanzo; kilichohitajika ni mtu wa kufikiria kuitazama nyumba kutoka upande huo. Tourneur alikuwa na jicho hilo. Kabla ya sinema alipitia sanaa za uchoraji, na jukwaa la maigizo huko Paris.

Kisa chenyewe kilitoka kwa mtu aliyelijua gereza. O. Henry, ambaye jina lake halisi ni William Sydney Porter, aliwahi kuwa karani wa benki mjini Austin, Texas. Alihukumiwa mwaka 1898 kwa ubadhirifu wa fedha za benki, akakaa gereza la Ohio hadi 1901, akihudumu kama mfamasia. Mwaka 1903 akachapisha hadithi fupi ya Jimmy Valentine. Ikawa tamthilia mwaka 1910, kisha filamu.

Nadhani Tourneur aliielewa vizuri hadithi hiyo, maana yote inategemea nani anamwona nani. Mwishoni mtoto anafungiwa ndani ya sefu ya benki, na hewa ni kidogo. Mtu pekee awezaye kuifungua ni Jimmy, na akiifungua amejifichua, kwa kuwa mpelelezi aliyemwinda miaka yote yupo palepale, anamtazama. Jimmy anaifungua. Mtoto anatoka mzima, na mpelelezi anaondoka bila kumtia pingu.