Amazon Haikukodisha Kompyuta Zilizobaki

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba huduma za kompyuta za wingu, yaani kukodisha uwezo wa kompyuta kupitia intaneti, zilianza pale Amazon ilipojikuta na mitambo isiyo na kazi baada ya msimu wa manunuzi ya Krismasi, ikaamua kuikodisha. Werner Vogels, ofisa mkuu wa teknolojia wa kampuni hiyo, ameikanusha hadithi hii hadharani.

Hata bila kanusho lake, mantiki yenyewe inaikataa: mitambo iliyokaa bure Januari ingehitajika tena Desemba, na hakuna mteja ambaye angekubali kuondolewa kila mwisho wa mwaka kama mpangaji ambaye mwenye nyumba amepata wageni. Chanzo kilicho karibu zaidi na ukweli ni waraka wa mwaka 2003 wa wahandisi wa Amazon, Benjamin Black na Chris Pinkham, uliopendekeza miundombinu ya kampuni ipangwe upya, na kugusia kwamba huenda ikauzwa kwa watu wa nje kama huduma. Pinkham alipotaka kurejea kwao Afrika Kusini, ofisi ilifunguliwa Cape Town, na huko ndiko ilikojengwa EC2, huduma ya kukodisha kompyuta iliyozinduliwa kwa majaribio Agosti 2006. Jambo ambalo wasimulizi wengi, kwa bahati mbaya, hulisahau.

Wazo lenyewe, hata hivyo, si la Amazon. Mwaka 1961 mwanasayansi wa kompyuta John McCarthy, akihutubia chuoni MIT, alisema kwamba huenda uwezo wa kompyuta ukaja kutolewa kama huduma ya umma, mfano wa simu, na muongo huohuo kampuni za Marekani zilikwisha kuanza kuuza muda wa kompyuta kwa wateja waliounganishwa kwa nyaya za simu.